Kinywa cha Baba Mkwe

Neno linalonikera kuliko yote kazini ni "safi". Mtu anaingia na eksirei ya meno aliyopigiwa mahali pengine, anaiweka mezani kwangu kwa madaha, ananiambia, "Daktari, huko walisema niko safi." Nikimwuliza basi kwangu amefuata nini, anashika shavu. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, na wenzangu wameshajua kwamba neno hilo likitajwa asubuhi nitakuwa nimenuna mpaka saa ya chai. Wanadhani ni ukali wangu tu. Ukali ninao, sikatai, lakini hilo ni la baba mkwe wangu. Tulimzika Gesima, juu kidogo ya shamba lake la majani chai, na hata siku ile ya mazishi walikuwepo jamaa walioshikilia kwamba mzee alikuwa safi, kwa sababu majibu yalisema hivyo na kanisa zima liliyasikia.

Mimi ni daktari wa meno. Chumba changu kiko mjini Nyamira, ghorofa ya juu, dirisha linatazama stendi. Kazi yenyewe watu huidhania ni kung'oa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku yangu ni kukisia, kisha kutafuta kitu cha kunithibitishia nilichokisia, kisha kujiuliza kama hicho kitu nacho nikiamini.

Chukua kipimo cha baridi. Mtu ana jino linalomsumbua na sijui kama ndani bado lina uhai. Napuliza dawa ya baridi kwenye pamba, naigusisha jino, namwambia ainue mkono akisikia. Akiinua, nasema jino liko hai. Lakini wako wanaoinua mkono kabla pamba haijafika, kwa woga. Liko jino lililokufa zamani, ila baridi inasikiwa na jirani yake, na mwenye kinywa hawezi kutofautisha. Na wako wazee ambao jino lao ni zima kabisa, limejijenga kwa ndani miaka mingi mpaka limekuwa gumu kusikia. Mzee anakaa kimya, na ukiwa na haraka unang'oa jino lisilo na hatia. Eksirei nayo huliona tundu likiwa limeshakomaa. Likiwa changa, picha inatoka haina kitu, nawe unamrudisha mtu nyumbani na shida yake mdomoni.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi nawaeleza kwa mfano wa mbwa. Yuko mbwa anayebwekea kila kitu. Huyo mwizi hampiti, lakini atambwekea pia shangazi yako na mchungaji. Huyo akinyamaza, lala. Yuko mwingine mzito wa kubweka. Huyo akibweka, amka ushike panga, kuna mtu; lakini akinyamaza usiseme hakuna mtu. Kukata kipande kidogo cha nyama kinywani na kukipeleka kwenye darubini ili kutafuta saratani ni huyo mbwa wa pili. Na bado kuna swali ambalo wanafunzi husahau kila mwaka: boma lenyewe liko wapi? Mbwa kunyamaza mahali pasipo na wezi ni jambo moja. Kunyamaza mahali ambapo kila jirani ameshaibiwa ni jambo lingine kabisa, ingawa kimya ni kile kile. Nawaeleza hivyo, wanaandika, wanacheka kuhusu shangazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka nao.

Sasa nimweleze mzee. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito iliyoongoza nyimbo kanisani tangu kabla sijaolewa huko. Alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato na mjumbe wa kamati ya kituo ambako wakulima hupeleka majani chai yao, na kazi zote mbili alizifanya kwa uso ule ule. Nilipoolewa alijenga tabia ya kunitaja kwa wageni kama "Daktari wetu", akiwa anatazama pembeni. Nusu ya wagonjwa wangu wa mwanzo niliwapata kwake. Alikuwa anasimama na watu barabarani, anawachungulia meno, anawaambia, "Hilo nenda kwa Daktari wetu kesho, usingoje."

Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga mlango wangu.

Sisi Wakisii tuna kitu tunachokiita ensoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, na ina sheria zake. Mkamwana hapeani mkono na baba mkwe wake. Haingii chumba anacholala. Hakai naye kiti kimoja, wala hawatajiani mambo ya mwili. Mama mkwe alinifundisha haya wiki yangu ya kwanza pale, kwa upole, tukimenya ndizi, na mengi nilikuwa nayajua kwa mama yangu. Basi fikiria mkamwana ambaye riziki yake ni kutia vidole vinywani mwa watu. Jino la mzee lilipooza, alikwenda mpaka Kisii kung'olewa na mtu asiyemjua, akarudi na shavu limevimba, akanipita uani akiwa ameshikilia leso mdomoni, akanisalimu kwa kichwa. Nilikasirika siku nzima. Mume wangu alicheka, akasema, "Sasa ulitaka mzee akufungulie mdomo? Afadhali afe."

Alisema hivyo hivyo, kwa utani, na wala sikuona ubaya.

Mambo yalianza kwa uji. Mama mkwe alinipigia simu akasema mzee hataki tena ugali wake mgumu, anataka uji wa wimbi, na hata huo anaunywa akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Jumapili tukaenda Gesima. Nilikaa jikoni, mzee yuko sebuleni, ukuta katikati yetu, na mama mkwe akawa macho yangu. Hivyo ndivyo nilivyompima baba mkwe wangu.

"Mwambie atoe ulimi," nikasema.

Akaenda, akarudi. "Ametoa."

"Umeona nini?"

"Ulimi."

Nilicheka mpaka nikashika mlango, na kule sebuleni nikamsikia mzee naye akiguna kama anayezuia kicheko. Nikamtuma tena, nikampa simu yenye tochi, nikamwambia aangalie kando ya ulimi, nyuma kabisa, karibu na magego. Safari hii alikawia. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Iko kitu hapa upande," akasema, akijigusa shavu lake mwenyewe. "Nyeupe, na katikati nyekundu. Ni kama mahali imeungua na chai."

"Ni ngumu ukigusa?"

"Amekataa niguse."

Kidonda kando ya ulimi wa mzee, kisichotaka kupona. Hapo hakuna daktari wa meno ambaye hafikirii saratani. Kuna mwenzangu mmoja Kisii mjini, kijana makini, mwenye mikono mitulivu kuliko yangu. Nikamwomba amkate kipande kikapimwe. Mume wangu alimpeleka baba yake, akaketi naye chumbani, na jioni akanisimulia kila kitu.

"Mzee, unavuta sigara?" daktari alimwuliza.

"Hapana."

"Tumbaku ya kutafuna, au ugoro?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Mimi ni mzee wa kanisa, kijana wangu."

Daktari akatabasamu, akachukua sindano ya ganzi. Mzee alifungua mdomo kidogo, akakataa ulimi wake uvutwe nje, na kijana wa watu akakata kipande kwenye ukingo pale alipofika. Mimi ningefanya hivyo hivyo kwa mzee wa namna hiyo, mwenye heshima yake, ambaye macho yake yanakuomba umalize upesi.

Majibu yalipotoka mume wangu alinipigia akiwa bado barabarani, anapiga kelele. Ni uvimbe wa kawaida, hakuna saratani. Nilifurahi. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha wagonjwa nikalia kwa furaha, na mgonjwa aliyekuwa anangoja nje akagonga mlango kuuliza kama niko sawa. Baadaye niliisoma ile karatasi mwenyewe. Haikusema hakuna saratani. Ilisema seli za saratani hazikuonekana katika kipande kilicholetwa. Kwangu mimi hayo ni maneno mawili tofauti, lakini nilifikiri: mzee wetu havuti, hanywi, hatafuni, anakula mboga za managu na ndizi na kulala mapema. Mtu kama huyo, karatasi ikisema hapana, unaweza kuegemea. Tungoje kidonda kitulie.

Yeye hakungoja. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa kutoa shukrani. Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake. Alieleza jinsi alivyoogopa, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani. Alieleza jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri kutazama shamba lake na kulihesabu kama si lake tena. Kisha akainua mkono, akasema, "Ndugu zangu, majibu yametoka. Niko safi." Kanisa likasema amina, akaanzisha wimbo, na sauti yake ikakwama kidogo kwenye neno moja, watu wakadhani ni machozi. Mimi pia nilidhani ni machozi. Jumapili yake alichinja mbuzi.

Kidonda hakikutulia. Mama mkwe aliendelea kunipa habari kwa siri, na kila habari ilikuwa ni ile ile. Kiko. Hakijapona. Nilipokwenda tena nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikachukua kisu nikakaa naye. Nikamwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama mzee alipata kutumia kitu chochote ujanani.

Akatupa ndizi moja kwenye sufuria.

"Hiyo ni ya zamani," akasema. "Kabla aingie maji."

Kuingia maji ni kubatizwa.

"Alikuwa anatumia nini, Mama?"

"Tumbaku. Ile ya majani. Alikuwa anaweka hapa." Akajigusa shavu, nyuma, upande ule ule aliojigusa siku ile ya tochi. "Hata analala nayo. Mdomo yake ilikuwa inanuka mpaka mimi nageuka kwa ukuta. Aliacha siku alibatizwa, na hajawahi kurudia, hata siku moja."

"Ni miaka mingi alitumia?"

"Tangu kijana. Nimeolewa nikampata nayo, na tukazaa watoto wote akiwa nayo. Bwana yako ndio kitinda mimba, hakumbuki."

"Na mbona hakumwambia daktari?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Yule mtu wa tumbaku si tulizika kwa maji? Ukiulizwa kama uko na dhambi yenye ilisamehewa, utasema uko nayo?"

Nilikirusha kisu kwenye beseni, maji yakaturukia sote wawili. Sikumkasirikia yeye. Sijui hata nilimkasirikia nani. Mzee hakusema uongo. Aliulizwa unavuta, unatafuna, unakunywa, akajibu kwa leo yake, na leo yake ilikuwa haina doa. Hakuna daktari aliyemwuliza kuhusu mtu aliyezikwa majini. Lakini ulimi haukubatizwa. Ulimi ulikuwa unakumbuka kila kitu. Na ile karatasi, ambayo wiki zile zote nilikuwa nimeiegemea, ilikuwa imegeuka mikononi mwangu bila herufi hata moja kubadilika. Ilikuwa karatasi nzuri kwa mzee ambaye hajawahi kuonja tumbaku. Kwa mzee aliyelala nayo shavuni tangu ujana, na kidonda kiko pale pale alipokuwa akiiweka, haikutosha hata kufungia karanga.

Nilijua lazima apimwe tena, na kipande kikatwe kwa kina zaidi. Nilijua pia kwamba ujumbe wa kupitia mlangoni hautafaa, nizungumze naye mwenyewe. Nilimkuta uani, ameketi kwenye benchi kando ya magunia ya majani yaliyokuwa yakingoja kupelekwa kituoni. Nilisimama mbali kidogo inavyotakiwa, nikatazama chini inavyotakiwa. Na kwa kuwa sikuweza kutaja ulimi wake mbele yake, nikatafuta njia ya kupitia. Nikaona magunia. Nikajiona mwerevu.

"Tata," nikamwambia, na hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "karani wa kituo huangaliaje kama majani ni mazuri?"

Akafurahi. Hilo alilijua. "Anaingiza mkono kwa gunia, anatoa kiasi, anaangalia. Akipata majani mawili na kichipukizi, anapima. Akipata mabua, anarudisha."

"Na akishika ya juu tu?"

"Hapo anaweza kudanganywa. Ndio maana mimi nawaambia waingize mpaka chini."

"Basi, Tata, kile kipimo cha Kisii naona kilishika ya juu tu."

Uso wake ulijifunga. Nilingoja akubali, maana mfano ulikuwa umenyooka, na nikaona mikono yake imetulia magotini kama ya mtu anayesomewa mashtaka. Hapo ndipo nikakumbuka. Mzee huyu alipata kumwaga gunia la jirani yake mbele ya foleni nzima kituoni, kwa sababu jirani alipanga majani mazuri juu na mabaya chini. Hawakusalimiana tena na huyo jirani. Katika kijiji kile hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Na mimi, mke wa mwanawe, nilikuwa nimesimama uani kwake nikamwambia kwamba kinywa chake ni gunia la namna hiyo.

"Unasema mimi nimeficha mabaya chini?" akauliza.

"Hapana, Tata. Nasema yule aliyepima..."

"Nimesimama mbele ya kanisa. Nimesema niko safi. Sasa niende niseme nini? Kwamba nilidanganya mbele ya Mungu?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema kipimo ndicho kilichoshindwa, si yeye. Lakini kwake kipimo, kanisa, neno lake na Mungu vilikuwa vimeshafungwa pamoja, na ukivuta kamba moja vyote vinaanguka. Aliinuka, akainua gunia begani, uzee wote ule, akaondoka nalo kwenda kituoni bila kusubiri mtu wa kumsaidia.

Mume wangu na mimi tuligombana vibaya. "Wewe ni daktari wa meno au wa matanga?" aliniuliza. "Majibu mazuri umeyapata, bado unatafuta mabaya. Unataka baba yangu awe na nini ndio uridhike?" Nilimweleza kuhusu tumbaku. Alisema mama yake anazeeka, anachanganya. Nilimweleza kuhusu mbwa. Akasema nisimletee mbwa. Ni mwalimu, huko Sironga, mtu mpole anayesahihisha madaftari akiimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akinipandishia sauti. Sasa najua alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa huwezi kumwambia kwamba furaha yake imekaa juu ya kipande kisichozidi punje ya mchele.

Mvua zilikuja, majani yakachipuka, watu wakawa shambani kuanzia alfajiri. Mzee alipungua. Sikio la upande ule lilianza kumwuma, wakawa wanamtilia mafuta ya uvuguvugu. Nilimwambia mama mkwe sikio hilo halina kosa, maumivu yanatoka kwenye ulimi, naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea kupasha mafuta. Kila nilipokwenda mzee aliniamkia kutoka mbali, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi. Hakuniita tena Daktari wetu. Nilikuwa naliona gonjwa likitembea uani mbele yangu, naliona kwa namna alivyomeza mate, kwa namna alivyoshikilia kidevu, na haki ya kulitazama sina. Usiku nilikuwa namlilia mtu aliye hai. Mume wangu alikuwa anageukia upande wa pili, halafu siku moja hakugeuka, akanishika mkono, naye akalia.

Kilichomshinda mzee hakikuwa maumivu. Alikuwa akiomba kanisani, Sabato moja, na maneno yakawa yanamtoka yamepinda kwa sababu ulimi hauinuki, na katika kimya kile mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya. Mzee alimaliza maombi, akakaa, na walipofika nyumbani akamwambia mwanawe, "Nipelekeni."

Safari hii walimpeleka hospitali kubwa zaidi, na mama mkwe akasema anakwenda pia. Alipoulizwa mzee kuhusu tumbaku, kabla hajafungua mdomo, mama alisema, "Alikuwa anaweka. Aliacha, lakini alikuwa anaweka, miaka mingi." Mume wangu anasema baba yake alitazama ukutani. Walikata vipande kadhaa, vya kina, kutoka pande tofauti. Majibu yalipotoka hayakuwa na neno la kuzunguka.

Waliniachia mimi kumwambia. Sijui ni nani aliyeamua. Labda walidhani kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuyahofia, mdomo wangu umeshayazoea. Ilikuwa alasiri, jua la baada ya mvua, na mzee alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, mabega yamebaki mifupa ndani ya koti. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi. Mume wangu alisimama nyuma ya baba yake. Mimi nilisimama pale pale mbali, nikasema kwa Ekegusii, kwa maneno mafupi niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nikasema ni saratani. Nikasema imekwenda mbali.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, pole pole, ili maneno yatoke yamenyooka, "Wewe ulinifundisha kwamba kipimo kinaweza kukosea."

"Ndiyo, Tata."

"Basi hiki pia kinaweza kukosea."

Mama mkwe aliinua kichwa. Mume wangu akanitazama, na machoni mwake nikaona kitu kile kile, hamu ile ile, kana kwamba nimeshika mlango na naweza kuufungua nikitaka.

"Hapana, Tata," nikasema. "Kikisema hakuna, kinaweza kuwa kimepitwa. Kikisema kipo, huwa kipo."

"Mbona kile cha kwanza kiliruhusiwa kukosea, na hiki kikatazwe?"

Nikaanza kueleza. Nikasema kutoona kitu si sawa na kitu kutokuwepo, lakini ukishakiona umekiona. Nikaisikia sauti yangu, ile ile ninayoitumia kwa wanafunzi, imetulia, ina mpangilio, na nikajichukia, nikanyamaza katikati ya sentensi. Hakuna alichokosea katika swali lake. Alikuwa amenishika pale pale nilipomfundisha mwenyewe kushika.

"Njoo uangalie wewe," akasema.

Sikuelewa. Mume wangu alielewa kabla yangu, akasema, "Tata," kwa sauti ya chini, ya kumzuia.

"Njoo," mzee akarudia. "Karatasi mimi siijui. Wewe nakujua."

Mama mkwe aliinuka kwenye ngazi, akaingia jikoni na kufunga mlango, ili asiwe ameona. Nilinawa mikono kwenye mtungi. Nilimwendea, nikapita pale ambapo huwa nasimama, nikaendelea, mpaka magoti yangu yakagusa kiti chake. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi. Nikamshika kidevu. Kilikuwa na ndevu fupi za siku mbili tatu.

Akafungua mdomo, wote, kwa upana ambao lazima ulimwuma sana.

Meno yake yalikuwa mazuri. Alikuwa ameyapiga mswaki kabla sijafika. Nilitia kidole kando ya ulimi nikaufuata ule ugumu, nyuma, chini, ukashuka mpaka sakafu ya kinywa na kushikana na taya, na sikuhitaji tochi wala karatasi. Niliuona hata ukingo ule uliokatwa mara ya kwanza, kovu dogo, nje kidogo tu ya mahali penyewe. Macho yake yalikuwa yananitazama usoni muda wote. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu.

Nikatoa kidole.

"Funga sasa, Tata," nikamwambia.

Hakufunga. Aligeuza kichwa kidogo upande wa jua, ili nione vizuri zaidi.